Fildi Kwenye Kiwanda cha Ndinga: Nani Ana Geto Kibaha?

Tuwekane sawa mapema. Kihanga, huku kwetu Karagwe, hakuna kiwanda cha magari na hakuna anayepanga kutujengea. Tuna kahawa, tuna migomba, tuna lami ya Kyaka–Bugene inayopitisha Fuso usiku kucha, na tuna gereji za chini ya mti ambako injini ya Hiace inafunguliwa huku kuku wa jirani wanakatiza katikati ya pistoni. Lakini mwezi wa saba ukiingia, pita kijiweni kwa wana wa bodaboda utege sikio. Stori ni moja tu: nani kapata fildi, na wapi.

Fildi ndiyo yale mafunzo kwa vitendo ya likizo ndefu. Chuo kinafunga, kiangazi kinachoma, vumbi linapanda hadi kwenye kope, na mwanafunzi wa mekanika au wa umeme wa magari anatakiwa akae wiki kama nane sehemu ya kazi, ajaze logibuku kila siku, supavaiza wa chuo apite kumkagua, basi. Kuna wanaopigia fildi karakana ya halmashauri pale Kayanga. Kuna wanaoangukia gereji za Bukoba mjini. Halafu kila kundi lina mwana mmoja ambaye barua yake imejibiwa na kiwanda cha kuunganisha magari. Huyo hata namna ya kuitikia salamu inabadilika. Ukimwambia "niaje", anakujibu "salama kabisa", kama afisa utumishi.

Wiki ya kwanza tu stetasi ya WhatsApp inaanza kuongea. Mwana kasimama, oveloli ya bluu haijapata hata doa la grisi, helmeti ya njano, miwani ya plastiki, nyuma yake kichwa cha lori jipya lisilo na namba. Maandishi: "Mungu ni mwema." Chini wana wanamwaga komenti: umetoboa mwanangu, usitusahau, tuunganishie na sisi. Maza wake anaonyeshwa picha na majirani, naye anaipeleka hadi kwenye jumuiya. Ukweli ni kwamba siku hiyo mwana alishinda anafagia na kuhesabu bolti kwenye makasha. Hakuna ubaya. Kufagia ni sehemu ya kazi, na kuhesabu bolti ni kazi nzito kuliko unavyodhani. Hayo yanakuja.

Mimi nimepiga stori na wengi wa hawa wana, waliokwenda na waliokwama, na kuna kitu kinanikera. Kitaani tunaamini fildi ya kiwandani wanapewa vichwa. Sio kweli. Fildi ya kiwandani inakwenda kwa mwenye kitanda. Kama una shangazi Mbezi, mjomba Kibaha, au kaka aliyepanga Kimara, wewe una fildi. Kama huna, hata maksi zako ziwe za kutisha, utaishia kushika tochi gereji ya Omurushaka, na barua ya kukubaliwa utaihifadhi kwenye faili kama picha ya demu aliyekuacha.

Twende kwenye hesabu. Basi la Dar kutoka huku kwetu ni safari ya kutoka giza hadi giza, na basi la kueleweka nauli inakaribia laki. Hiyo ya kwenda tu. Ukishuka, unatafuta chumba. Fildi ni miezi miwili, lakini baba mwenye nyumba wa huko anataka kodi ya miezi sita mkononi. Ukibembeleza sana, mitatu. Kwa hiyo unalipia miezi ambayo utakuwa umesharudi chuoni unakula ugali wa kantini. Ongeza daladala kwenda na kurudi, ongeza buti za usalama ambazo sehemu nyingi wanakwambia uje nazo, ongeza msosi. Mchana wana wengi wanapiga pasi ndefu: unakunywa chai nzito asubuhi, unakausha, unakutana na chakula usiku. Saa nane mchana, umesimama kwenye zege, umebanwa na oveloli, ubao unakupiga, halafu mtu anakwambia uandike ulichojifunza leo.

Mwana wa digrii ana nafuu kidogo, akiwa na mkopo. Bodi ya Mikopo imekuwa ikitoa 10,000 kwa siku ya fildi, kwa siku zisizozidi 56. Piga mwenyewe: 560,000. Likiingia boom la fildi kwa wakati, na likute hujakopa dukani, unaishi kiroho safi. Likichelewa, unajua mwenyewe. Ila dogo wa VETA, yule ambaye mikono yake ndiyo kiwanda kinaihitaji kuliko kichwa cha mtu wa digrii, boom hana. Huyo anaenda kwa jasho la nyumbani. Na hapa nicheke kidogo: waajiri wenye watu kumi na kuendelea wanakatwa tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyoshushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara mwaka 2023, na theluthi moja ya hela hiyo ndiyo inaenda VETA. Kwenye huo mlolongo wote, toka kwa mwajiri hadi hazina hadi chuo, hakuna kituo ambacho hela inashuka kumlipia dogo kitanda.

Jasho la nyumbani kwetu lina jina, linaitwa kahawa. Robusta inaanza kuiva mwezi wa tano, inaanikwa kwenye maturubai kiangazi chote, inaenda AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, inaenda mnadani, ndipo hela irudi. Sasa wewe unatakiwa uripoti kiwandani mwanzoni mwa mwezi wa saba, na chumba kinatakiwa kulipiwa kabla. Kalenda ya mnada na kalenda ya fildi hazijawahi kusalimiana. Ndiyo maana mzee anaingia kwenye butura. Kama wewe si wa Kagera, butura inakwenda hivi: mshikaji mwenye hela anakuja shambani kahawa ikiwa bado kijani, wakati mwingine bado maua, anauangalia mti, anakadiria, anakupa taslimu papo hapo. Msimu ukifika, kahawa ni yake. Bei ni ya kutupa. Serikali inapiga marufuku kila mwaka, viongozi wanafoka kwenye mikutano, na butura iko palepale, kwa sababu mtu mwenye mgonjwa hospitali ya Nyakahanga au mtoto mwenye barua ya fildi hasubiri mnada.

Kuna mazungumzo nadhani yamefanyika kwenye nyumba nyingi za huku, yanafanana sana.

"Shikamoo tata."

"Marahaba. Hiyo barua inasemaje?"

"Wamenikubali tata. Kiwandani, kule Pwani."

"Wanakulipa?"

"Hapana, ni mafunzo."

"Ngoja kwanza. Unakwenda kumfungia tajiri magari yake miezi miwili, halafu nauli, chumba na chakula nalipa mimi?"

"Ndiyo tata."

Mzee anakaa kimya, anaangalia upande wa shamba, anaanza kuhesabu mistari. Na swali lake ni la maana kuliko maswali yote ya kwenye logibuku.

Tuseme mchongo umekubali, hela imepatikana, umepanda basi. Kahama, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro, unalala, unaamka, unalala. Unapokaribia Dar kuna sehemu inabidi uamke uchungulie dirishani, kwa sababu pale Kibaha ndipo historia ya magari ya Bongo imelala. Konda akiita "Tamco!" wengi wanadhani ni jina la mtaa tu. Tamco ilikuwa kampuni ya kuunganisha magari, ilikuwa inafunga malori ya Scania enzi za Mwalimu, wakati nchi imeamua itengeneze kila kitu yenyewe. Kampuni ikafa, jina likabaki kituo cha daladala. Hapohapo Kibaha kuna Nyumbu, shirika la jeshi la teknolojia ya magari, lililowahi kuunda lori lake lenyewe likaitwa Nyumbu. Dingi zetu waliopita JKT wanalisimulia kwa mzuka kabisa. Na Kibaha hiyohiyo ndipo sasa kuna GF, kiwanda kinachounganisha malori ya FAW ya China. Kwa hiyo mwana wa Kihanga anayeshuka Mailimoja na begi lake la mgongoni haendi kwenye kitu kipya. Anaingia kwenye biashara ambayo nchi hii ilishaianza, ikaiacha, na sasa inaianza tena.

Ndani kukoje? Hapa ndipo wana wengi wanapigwa na butwaa. Ulikuwa unawaza roboti, cheche, kama video za Ujerumani. Viwanda vyetu vingi vya Afrika Mashariki ni vya kuunganisha: gari linakuja vipande vipande kwenye makasha, kila kipande na namba yake, mnalifunga hapa. Kuna vipande vinavyokuja karibu gari zima, mnaweka tairi, betri, bampa, mnajaza oili, mmemaliza. Na kuna vinavyokuja vimechambuliwa kweli, hapo kazi inakuwa kazi. Ndiyo maana nikasema kuhesabu bolti si mchezo. Kasha likipungua bolti moja na hujaliona asubuhi, saa kumi lori linasimama katikati ya mstari na watu ishirini wanakuangalia wewe.

Kitu kinachowadatisha wana wa gereji ni spana ya toki. Mwana mmoja wa Bugene alinisimulia kwa dakika nyingi sana, mikono inaonyesha, macho yametoka. Ni spana ndefu, ina namba. Unaiset kwenye kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi ya kazi; nati za tairi la lori kubwa zinapita nyutoni-mita 500. Unavuta, unavuta, halafu inalia: ka! Ikilia umeacha, huongezi hata nywele. Unachukua kalamu ya rangi unapiga mstari kwenye nati hadi kwenye chuma, ili mkaguzi akipita ajue hii imekazwa, na ikilegea siku za mbele mstari utaonekana umevunjika. Halafu unasaini. Jina lako liko kwenye ile karatasi, na karatasi inakwenda na gari.

Kihanga tunakazaje? Fundi anachomeka spana, anaingiza bomba refu kwenye mpini, anakaa juu yake, ikigoma kabisa anamwita dogo naye akae. "Imekubali hiyo." Na gari linatembea! Fuso za kahawa zinapanda milima ya Kyerwa na nati zilizokazwa kwa makalio ya watu wawili. Lakini kuna siku nati inakatika, tairi linaenda peke yake migombani, na hapo hakuna karatasi yenye jina la mtu.

Msinielewe vibaya, siwapondi mafundi wa nyumbani. Tena nasema hivi: kuna kitu kiwanda hakiwezi kumfundisha mtu na Kihanga kinafundishwa bure. Kiwandani kila kitu ni kipya. Hakuna kilichoharibika. Mtu anaweza kukaa miezi miwili akifunga vichwa vya malori na asijue hata siku moja injini inaumwaje. Sasa njoo kwa fundi wetu. Noah imeletwa inachemsha. Fundi hana mashine ya kupima, ana kidole. Anafungua kifuniko cha oili, anaangalia chini yake: kuna utando wa rangi ya chai ya maziwa. Anafungua rejeta injini ikiwa ya baridi, anasema piga stata, anaangalia mapovu yanavyopanda. Ananusa moshi wa nyuma, mweupe, mtamutamu. Anafuta mikono, anamwambia mwenye gari: "Gasketi ya silinda hedi imekwenda, maji yanachanganyika na oili. Usiiwashe tena." Dakika tano. Mwana wa chuo aliyekariri kurasa nyingi za injini anabaki ametoa macho.

Kwa hiyo mwana anayetokea gereji ya chini ya mti akaenda kiwandani anakuwa mtu hatari sana: ana kidole cha fundi na ana spana ya toki. Mtu wa namna hiyo nchi nzima inamhitaji. Na ndiye huyohuyo asiye na shangazi Mbezi.

Sasa nipenyeze jambo ambalo kijiweni hatuliongelei kabisa. Fungua ramani. Kutoka Kihanga hadi Kibaha ni zaidi ya kilomita elfu moja. Kutoka Kihanga unashuka Kyaka, unavuka mto, unakunja Mutukula, umeingia Uganda. Masaka, Kampala, Jinja. Safari yote hiyo haifiki theluthi ya ile ya Dar. Na Jinja ndipo Kiira Motors walipoweka kiwanda chao cha magari ya umeme.

Stori ya Kiira inabidi kila mwanafunzi wa ufundi wa Kagera aijue, maana imeanza kwa wanafunzi. Wana wa Makerere waliingia kwenye mradi wa vyuo vya nchi mbalimbali wa kubuni gari moja, wakarudi nyumbani wakasema kwa nini tusifunge letu. Mwezi wa kumi na moja 2011 gari la viti viwili, Kiira EV, likatembea kwa umeme pale chuoni. Watu walilicheka, umbo lake lilikuwa na vituko kidogo. 2014 likafuata jingine la haibridi. 2016 likatoka basi la Kayoola lenye sola juu ya paa. Ule mradi wa chuo ukageuka shirika, na shirika hilo likawa linachukua wanafunzi wa fildi, kwa sababu waliolianzisha walikuwa wanafunzi na walimu wao. Upande wa pili, ukipita Benaco, ukavuka Rusumo, uko njia ya Kigali, ambako Volkswagen walifungua kiwanda cha kuunganisha magari mwezi wa sita 2018, wakaanza na Polo na Passat, na mwaka uliofuata wakaleta Golf za umeme kujaribia.

Yaani kampuni kubwa ya magari ya Ujerumani iko jirani na Karagwe kuliko Dodoma, na sisi tunagombania kitanda Kimara!

Najua mtanijibu. Vyuo vyetu vinasaini barua za ndani ya nchi, supavaiza hawezi kuvuka mpaka, bima hakuna, uhamiaji watakuuliza maswali. Sawa. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010, na sisi wa mpakani ndio tulioahidiwa matunda yake. Magendo ya kahawa yanavuka usiku bila supavaiza. Ndizi zinavuka. Senene wanavuka na kurudi. Mwanafunzi mmoja mwenye logibuku ndiye anayeshindikana? Chuo cha VETA cha mkoa kiko Burugo, Bukoba, kimejengwa kwa msaada wa China, na kutoka pale hadi Mutukula ni mwendo wa asubuhi. Mkuu wa chuo mmoja akisaini makubaliano na Jinja, tumemaliza ugomvi.

Kenya nao usidhani wamelala pazuri. Wao fildi wanaiita atachi, kuna mamlaka kabisa ya kusimamia mafunzo viwandani, na viwanda wanavyo toka miaka ya 70: Thika, Mombasa, Nairobi ambako Isuzu walichukua kile cha General Motors mwaka 2017. Lakini msee mmoja wa Thika niliyekutana naye alinikatia hivi: "Buda, atachi ni fiti, lakini doo hakuna. Fare natoa kwa mathe." Nikamwambia huyo mathe wako na tata wa Kihanga ni ndugu.

Ujerumani, kwa wanaotaka kujua, wanafunzi wanaingia kwenye viwanda vya magari kipindi cha kiangazi kushika nafasi za wafanyakazi waliokwenda likizo, na wanalipwa mshahara. Hiyo ni kazi ya likizo, siyo fildi. Wanafagia pia, ila kwa hela.

Masista mko wapi kwenye stori hii? Mpo, wachache, na mnapitia msoto wa peke yenu. Sista mmoja wa Kyerwa anayesoma umeme wa magari aliniambia alipofika kiwandani (sikitaji) walimpeleka moja kwa moja mapokezi. "Wakaniuliza kama najua kutumia kompyuta. Nikasema najua, ya gari." Ilimchukua wiki nzima ya kusumbua ofisi hadi wampe oveloli, na ilikuwa kubwa, akaikunja mikono mara tatu. Alipoingia kwenye mstari alipewa kupitisha nyaya nyuma ya dashibodi, sehemu ambayo mikono minene ya masela haiingii. Mwezi wa pili wakawa wanamwita yeye kila soketi ikigoma. Kuhusu kitanda, kwake ni ngumu mara mbili: mwana anaweza kulala kwenye mkeka geto la washikaji wanne huko Mlandizi, sista hawezi, na mzee wake hakubali. Kwa hiyo anayepoteza nafasi kwanza siku zote ni yeye.

Wakirudi je? Hapo napo kuna vituko. Mwana karudi Kihanga mwezi wa tisa, ngozi imekuwa ya joto la Pwani, lugha imeongezeka "kimsingi" na "utaratibu". Anapita gereji aliyokulia, anaona nati zinamwagwa kwenye vumbi, anashindwa kuvumilia: "Fundi, kimsingi inabidi uwe na trei, kila nati na sehemu yake." Fundi anamwangalia juu hadi chini. "Ulipokuwa unanyonya mimi nilishafunga gia boksi." Soo. Lakini wiki mbili baadaye ukipita, unakuta ndoo ya rangi iliyokatwa katikati, nati zimo ndani. Fundi hawezi kukubali mbele za watu, ila kasikia.

Na mafundi wenyewe wana mlango ambao wengi hawajaupiga hodi. VETA wana mfumo wa urasimishaji ujuzi: fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa, akifaulu anapata cheti bila kurudi darasani miaka miwili. Fundi mwenye cheti anaweza kupokea wanafunzi wa fildi na kuwasainia logibuku, na gereji yake ikaanza kutajwa chuoni. Hapo dogo asiye na shangazi Mbezi anaanzia nyumbani, analala kwao, anakula matoke ya maza, anajifunza kidole. Kiwandani ataenda mwaka unaofuata akiwa anajua anachokifuata. Na mafundi wasichelewe: magari yanayoingia sasa yana kompyuta kila kona, taa ya injini ikiwaka fundi anachomoa balbu ili mteja asiione, na biashara hiyo haina miaka mingi mbele.

Ushauri wa haraka kwa dogo wa mwaka wa kwanza: barua zipelekwe mwezi wa pili au wa tatu, siyo wa sita. Usiandike "sehemu yoyote", andika kitengo unachotaka. Piga picha tatu za kazi uliyofanya gereji, ambatisha. Na kabla ya kupost stetasi ya oveloli, omba ruhusa, maana viwanda vingine wanamaindi picha za ndani kuliko kuchelewa.

Bado kitanda. Nimelizungusha kichwani, na jibu ninaloliona liko kwenye kahawa yenyewe. AMCOS inajua kila mwanachama ana miti mingapi na alipeleka kilo ngapi msimu uliopita. Malori yanayobeba kahawa hiyo yanaharibika kila mwezi na mafundi wa kuyatengeneza hawatoshi. Kwa nini AMCOS isimkopeshe mwanachama hela ya fildi ya mtoto wake mwezi wa tano, ikakata kwenye malipo ya mnada, bila riba ya kuua, na mtoto akirudi akahudumia malori ya chama likizo inayofuata? Mzee hauzi maua, dogo anapata chumba, lori linapata fundi.

Wazo hilo nililipeleka kwa mwenyekiti wa chama kimoja cha huku, nikampa shikamoo yangu vizuri, nikamweleza taratibu. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza dogo akitokomea Dar asirudi itakuwaje. Nikamwambia kahawa ya tata yake haina miguu. Akacheka, akasema ajenda ya mkutano mkuu huwa inafungwa mapema, niandike, nitafute wanachama wa kuunga mkono. Wana wa kijiweni wameshaanza kukusanya majina, na aliyekataa kusaini hadi sasa ni mmoja tu, yule mzee wa pikipiki nyekundu anayenunua butura.